Barakoa za Wageni

Saa tatu asubuhi, kiti cha meno ni kitupu na benchi la nje limejaa. Melania Jilala, tabibu wa meno ambaye hapa wengi humwita Mama Ritha, amesimama mlangoni, mikono kifuani. Leo hagusi mdomo wa mtu.

"Shikamoo mama," anasema Mabula, mchimbaji wa dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, shavu limevimba utadhani kaficha embe.

"Marahaba baba. Kabla hujafungua mdomo, unakohoa tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Lakini mimi nimeleta jino tu mama, kifua nimekiacha duarani."

"Kimekufuata, kimekaa hapo pembeni yako."

Benchi zima linacheka. Melania anampa dawa ya maumivu, anamwandikia kipimo cha makohozi, kisha anamhamishia upande wenye upepo.

Tatizo si Mabula. Tatizo ni barakoa. Ziko hatua ishirini tu kutoka kwenye kiti, ndani ya kabati la vioo, na mwenye ufunguo kaenda msibani Tinde.

Hiki ni kituo kimoja cha afya wilayani Nyang'hwale, na kabati hilo Melania analijua. Wakati wa korona zililetwa boksi nne. Mganga mfawidhi wa wakati huo akazifungia. "Hizi za ukaguzi," akasema, kama mama anayetunza vikombe vya wageni.

Mashine ya kusafishia meno hurusha mate hewani kama manyunyu. Melania alikuwa anaona wagonjwa kumi na wanane kwa siku, kwa barakoa moja ya wiki nzima, aliyokuwa anaifua na kuianika uani.

"Wakaguzi walipokuja tuligawiwa mpya, tukapigwa picha," anasimulia. "Gari lao lilipoondoka, mtu akapita na boksi. Vueni, rudisheni! Zikarudi kabatini na jasho letu."

Hapo hacheki tena.

Aliyekuwa anaosha vifaa vya meno aliitwa Scolastika. Koleo zenye damu na mate zilipita mikononi mwake zote, na usoni alijifunga kipande cha kanga. Aliomba barakoa mara mbili. Akaambiwa avumilie. Siku ya tisa ya homa, akafariki.

"Mazishini walikuja wakubwa," anasema Melania. "Basi kabati likafunguliwa. Sote tulivaa mpya. Rafiki yangu aliomba moja akiwa hai, wakatoa boksi zima kwenda kumzika!"

Mfawidhi yule alishahama. Aliyepo sasa si mtu mbaya, ila kabati kalirithi na ufunguo wake. "Utaratibu niliukuta," anasema. Melania ameandika barua tatu. Mwezi uliopita, kabati lilipofunguliwa, alikuta boksi mbili zimeisha muda bila kuvaliwa na mtu.

Saa nne kasoro, mfawidhi anatoka ofisini. "Mama Ritha, watu wanalalamika."

"Na mimi nalalamika nao. Korona imekwenda, vikohozi vya maduarani vipo. Ugonjwa mwingine ukija, hautapiga hodi kwanza ofisini kwako."

"Ufunguo uko Tinde, mama."

"Basi twende wote Tinde tukawatibie huko msibani."

Benchi linaangua kicheko. Mzee mmoja anadakia, "Mimi natangulia!" Mfawidhi anaingia ndani. Dakika kumi baadaye ufunguo wa akiba, ambao miaka yote haukuwepo, unaonekana kwenye droo.

Kazi inaanza. Mabula anaitwa wa mwisho kabisa, dirisha wazi, ili asimwachie mtu hewa yake. Gego linatoka. Anaondoka na karatasi ya kipimo mkononi, amefunikwa mdomo na pua kwa barakoa mpya.

Melania anastaafu Desemba. Kabla ya hapo anataka kabati lihamishiwe pembeni mwa kiti cha meno, likae bila kufuli. Mfawidhi ameahidi kulifikiria.

Na akikataa?

Melania anasuuza mikono, anaitazama koleo yake. "Miaka ishirini na sita nang'oa magego ya wachimbaji," anasema. "Kufuli ndilo linishinde?"