Tulivyoenda Kumwomba Mkuu wa Depo

Niliuza pikipiki yangu ili nifungue tawi la ofisi moja ya Kindu, ile inayotafutia makampuni wakuu wa kazi: wakurugenzi, wahasibu, wasimamizi wa depo. Nilinunua ruhusa ya kutumia jina lao hapa Kasongo. Patroni, mwenye ile ofisi ya Kindu, alinipa kibao cha mlangoni na sharti moja: nisipopata mtu wa kwanza kabla mwezi haujaisha, jina linarudi kwake, na pikipiki yangu imekwenda bure.

Kazi yenyewe ni kuongea. Mimi, hata kununua chumvi kwa mtu nisiyemjua kunanitoa jasho.

Kampuni moja ya Salamabila ilitaka mkuu wa depo. Wafanyabiashara wote walimsifu mama mmoja aliyesimamia depo ya mchele kule Kabambare. Nilimpigia simu mara nyingi. Akiitika tu, nakata.

Mwishowe nilimwomba shangazi yangu aende kuniongelea. Tulikodi piki, njia ikatutikisa hadi Kabambare. Shangazi alipakata kuku. Alisema hatuwezi kwenda kuomba mtu mikono mitupu. Mimi nilivaa shati jeupe.

Mume wa yule mama alitupokea. Alimtazama kuku, akalitazama shati langu, akakunja uso.

"Mama, tunawaheshimu," alimwambia shangazi. "Lakini binti yetu iko anasoma bado. Mumuache amalize."

Shangazi alicheka hadi kuku akamponyoka. Akaanza kumkimbiza uani, nami nikabaki na yule baba. Hapakuwa na mwingine wa kuongea.

"Si binti, baba," nikasema. "Ni mama tunamutaka."

"Bibi yangu?"

Nikaeleza yote kwa pumzi moja: kampuni ya Salamabila, depo, nyumba watakayopewa, hata zile simu nilizokata. Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe ni weye unanipigiaga simu na kukata?"

"Ndiyo, mama."

"Nami nilifikiri mwizi!"

Kisha akauliza watoto watasoma wapi. Hilo nilikuwa nimeliulizia mapema, nikamweleza. Akamtazama mumewe, mumewe akaitikia kwa kichwa.

"Nitaenda," mama akasema.

Shangazi alirudi na kuku, akauliza kama sasa tumrudishe Kasongo.

"Abaki!" baba akasema. "Munanichukulia bibi, na kuku pia munabeba?"

Nilimpigia patroni palepale barabarani. Akaitika, sikukata. Nikamwambia mtu amepatikana, akauliza nimefanyaje.

"Niliongea," nikamjibu.

Kwenye piki nililala usingizi, nimeegemea mgongo wa shangazi, mashimo yote yale sikuyasikia.