Nilipunguza mwili ili mume wangu ahangaike kunitafuta siku ya leso

Wakuu, sasa. Na wale mnasoma mkiwa kazini mkijifanya mna-type ripoti, nawaona pia.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi za watu hapa na kucheka peke yangu dukani. Lakini kila mara naona mtu ameuliza, "Nini iliwapa motivation ya kupunguza weight?" na majibu ni yale yale. Daktari alinitisha. Ex aliniacha. Nilijiona kwa picha za harusi ya rafiki.

Yangu ilikuwa leso. Siongezi chumvi, mashahidi wapo wengi na wote walikula mbuzi wetu, kwa hivyo hawawezi kukana.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Ruiru. Nina kiduka, cherehani mbili, na wateja ambao wote wanataka nguo jana. Mume wangu, Baba Ciku, anafanya shift kwa kiwanda kimoja kule Industrial Area ya Thika. Tumekaa pamoja miaka zaidi ya ishirini. Come-we-stay, yaani bila ndoa iliyokamilika, tusidanganyane. Mwanzoni alipeleka mbuzi kwetu, kisha maisha yakaingilia kati, mara karo, mara ploti, na ile sherehe ya kumalizia ikawa ni ya "mwakani".

Sasa binti yetu Ciku akapata mchumba, kijana mpole wa mtaa wa Kahawa Sukari. Watu wake wakataka kuja kuposa. Na sisi Wakikuyu tuna sheria moja isiyo na kona: mzee hawezi kula mahari ya binti yake kama hajamaliza ya mama yake.

Kwa hivyo ikabidi tufanye ngurario yetu kwanza, ile sherehe ya kukamilisha ndoa ya kimila, ndipo ya mtoto ifuate. Bibi harusi wa miaka hamsini kasoro, na binti wa kuoza nyuma yake kwa foleni. Chekeni tu, hata sisi tulicheka.

Kwa wasiojua, siku ya ngurario kuna mchezo. Wanawake kadhaa wanafunikwa leso, yaani kanga, kutoka kichwani mpaka chini, hakuna uso wala kiatu kinachoonekana, wanapangwa mstari, na bwana lazima amtambue wake. Haruhusiwi kugusa. Akikosea, wamama wanampiga faini na atachekwa mpaka wajukuu wasimuliwe.

Tulikuwa wamama kadhaa kwa dada yangu Wangeci kule Witeithie tukipanga hiyo siku. Wangeci ana duka kando ya barabara na mdomo ambao haujawahi kuwekwa breki. Nikauliza tutatafuta leso za aina gani. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Wewe leso ni ya nini? Hata tukikufunika na turubai ya lori, Baba Ciku atakujua akiwa bado kwa gate."

Wakacheka wote. Mimi nikacheka kuwashinda. Na msidhani Wangeci ni mwembamba, sisi wawili tulitoka kwa jiko moja.

Lakini wakuu, ile kitu ilinifuata mpaka nyumbani. Kuitwa mnene hakunisumbui, mimi hushinda na tepu shingoni, vipimo vyangu navijua. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Baba Ciku angenijua kwa upana. Nikajiuliza, ukiondoa huo upana, huyu mtu atabaki anajua nini kunihusu?

Hapo ndipo nilipoamua. Nitamfanya anitafute. Nataka nijue kama huyu mwanaume ananiona ama anaona tu kitu kikubwa kimezoeleka jikoni.

Kesho yake nikachukua kitenge changu cha ngurario nikakikata size mbili chini yangu. Mafundi wenzangu mnaelewa uzito wa hilo jambo. Kitambaa kikishapitiwa na makasi hakuna kuomba msamaha.

Nilianzia gym, nikamalizia gym siku hiyo hiyo. Trainer aliniita "mathe" kila baada ya dakika, na ile treadmill ilienda, mimi nikabaki. Nikaona miguu ni yangu na barabara ni ya serikali, kwa nini nilipie? Nikaanza kutembea alfajiri, kutoka mtaa wetu mpaka Kimbo na kurudi. Mwanzoni mbwa wa mtaa walinibwekea. Baadaye wakanizoea, mmoja akawa ananisindikiza.

Kutembea kulikuwa rahisi. Shida ni chakula cha watu.

Kwetu ukienda kwa mtu na usile, umemtukana. Utaulizwa umekula wapi, kwani huko wanapika vizuri kuliko hapa? Nilijifunza mbinu moja ambayo nawapa bure: shika sahani, chokoa chokoa njahi, yale maharagwe yetu meusi, halafu anzisha umbea. Watu wakipata umbea hawaangalii tena sahani yako. Nimeeneza habari nyingi sana katika safari hii, Mungu anisamehe.

Soda nikaacha. Mandazi ya saa nne nikaacha, na muuzaji akaninunia kabisa.

Kitu kingine. Ukikonda huku kwetu usitarajie hongera. Mtu anakushika mkono kanisani, anateremsha sauti, "Mama Ciku, uko sawa?" Mmoja aliniambia ananiombea. Nikamwambia asante, aendelee, maombi hayajai debe.

Mzee mwenyewe sikumwambia kitu. Ingekuwa surprise ya aina gani? Bahati nzuri ilikuwa ile baridi yetu ya July, kwa hivyo nilivaa dera, juu yake sweta, juu yake sweta ingine. Na yeye alikuwa night shift. Anaingia mimi nikitoka. Namwekea chai, anashika kikombe kwa mikono miwili, anaangalia chini, ananiambia "haya, kazi njema." Waliojua siri ni Ciku na Wangeci peke yao.

Nikasema moyoni, huyu haoni kitu. Nilifurahi kwa sababu mpango unaenda vizuri. Niliumia pia. Vyote viwili kwa pamoja, sijui kama mnaelewa.

Siku nguo ilipokubali, zip ikapanda yenyewe bila kubembelezwa, nilikaa chini hapo dukani katikati ya vipande vya kitambaa nikacheka kama mwendawazimu. Mteja aliyekuwa mlangoni akasema atarudi baadaye.

Siku ikafika. Ilikuwa kwa wazazi wangu, nje kidogo ya mji wa Thika. Hema, wageni, wazee wa pande zote mbili na kofia zao, na watu wa yule kijana wa Ciku wamekaa wima kwa adabu, wakijifunza njia.

Tukafunikwa. Wangeci katikati, mimi mwisho wa mstari. Leso zote za maua mamoja. Ndani kuna joto na huoni kitu isipokuwa nyasi na viatu vya watu. Nikasikia MC akimwita bwana, nikaona viatu vipya vya kahawia vikikuja. Moyo ulinipiga kama wa msichana.

Wakuu, hakuzunguka. Hakuangalia hata mstari. Alienda moja kwa moja, kifua mbele.

"Huyu ndiye wangu. Sina haja ya kupoteza wakati ya wageni."

Leso ikatolewa. Wangeci, meno yote nje.

"Karibu, mume wangu! Nilikuwa nimechoka kukungoja!"

Vigelegele mpaka jirani. Wamama wakadai soda na leso mpya. Mzee akacheka, akakubali faini. Mimi nilikuwa natetemeka kwa kicheko, nikauma leso nisisikike.

Akachagua mara ya pili. Safari hii akamwendea jirani yetu mmoja, mama mkubwa wa heshima zake, mwalimu wa Sunday school. Akafunuliwa, mwalimu wa watu akaona aibu kuliko mzee. Watu walilala kwa viti wakicheka.

Mara ya tatu MC akamwambia, "Mzee, pole pole. Pita kwa kila mmoja." Viatu vya kahawia vikaanza kutembea mstari. Vikanikaribia. Vikasimama mbele yangu.

Vilisimama muda mrefu. Nilisikia anavyopumua. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kutikisa kidole. Lakini nilikuwa nimetembea asubuhi zote zile kwa sababu ya dakika hii, nikatulia tuli.

Akasema kwa sauti ya chini, "Hapana. Huyu hapana."

Akapita.

Kile kicheko chote kikanigeukia. Nikasikia anamwambia MC, "Mke wangu hayuko hapa. Mmemficha kwa nyumba. Mleteni." Na wamama wanamjibu, "Yuko! Fungua macho!"

Sikungoja. Nilishika leso nikaivuta mwenyewe. Hiyo haifanywi, wakuu. Bibi harusi hajifunui. Mashangazi walipiga kelele, "Haiya! Kai!" Nikabaki nimesimama na kitenge changu, kiuno kikionekana kwa mara ya kwanza tangu Ciku aanze shule.

Watu wakapiga makofi na miluzi. Wangeci akarusha leso yake juu.

Baba Ciku hakupiga makofi. Alikuja karibu, uso umepauka, akaniuliza sikioni.

"Uko mgonjwa?"

"Mgonjwa wa nini? Nilikuwa natembea asubuhi. Ilikuwa surprise."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hajasikia. Sherehe ikaendelea. Tukakata ule mkono wa mbuzi unaofunga ndoa, tukapigwa picha, nikacheka kwa meno. Ndani nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeuliza swali langu na nikapata jibu mbele ya kijiji kizima.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa jikoni kwetu Ruiru, na nyama iliyobaki, na chai. Nikashindwa kunyamaza.

"Miaka yote hii, Baba Ciku. Ulinipita kama mlingoti wa stima."

Akazungusha kikombe. Halafu akasema, "Nilikujua."

"Ulinijua wapi? Umechagua dada yangu na mwalimu wa Sunday school!"

"Nilikujua hata kabla sijainuka kwa kiti. Wewe husimama umelalia mguu wa kushoto. Ni ya kukanyaga cherehani."

Nikabaki na kijiko hewani.

Akaniambia yote, pole pole, akiangalia meza. Kwamba tangu wiki za kwanza aliona pete yangu inazunguka kidoleni nikimpa chai. Aliona sufuria ya jioni haijaguswa. Akilala mchana, alihisi upande wangu wa kitanda hauna shimo tena. Na aliona sweta juu ya sweta.

Mama yake alianza hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mkubwa wa kuchekacheka kama mimi, akaanza kubakisha chakula, akaanza kuvaa masweta, na hakumwambia mtoto wake yeyote. Walipokuja kujua ni mgonjwa, hakukuwa na la kufanya. Nilikuwepo kwa mazishi hayo, wakuu. Nilipika. Na sikuwahi kuunganisha hayo mambo mawili.

"Sikutaka kukuuliza," akasema. "Ningekuuliza, ungeniambia."

"Na pale kwa leso?"

"Pale nilikuwa naomba Mungu uwe yule mnene."

Nililia, na yeye akalia, na nyama ikapoa.

Nilitaka kujua kama ananiona. Kumbe mtu alikuwa ananiona mpaka hawezi kulala mchana baada ya kufanya kazi usiku kucha. "Kazi njema" yake ya kila asubuhi ilikuwa na maneno mengine ndani ambayo aliogopa kuyatoa.

Hakuamini mdomo wangu. Jumatatu alinipeleka hospitali mwenyewe nikapimwe kila kitu. Daktari akasema niko sawa kuliko wengi wa rika langu. Halafu akamtazama mzee, akamfunga ile mashine ya pressure mkononi. Ni yeye ndiye aliyeambiwa aache chumvi na aanze kutembea.

Sasa tunatembea wawili mpaka Kimbo. Anasimama kila kona akisema anaangalia ploti. Yule mbwa anamngoja.

Somo langu? Motivation iwe yoyote, hata ya utani wa dada mwenye duka. Mimi sijutii, magoti yangu hayajutii, na nguo bado inaingia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha diet hawakumtaja, kwa hivyo wacha nimtaje mimi: ukiamua kukonda, mwambie unayeishi naye. Nyumba ikiwa kimya, mwili unaopungua husema kitu kingine kabisa.

Ngurario ya Ciku ni hivi karibuni, na kijana wa Kahawa Sukari ameanza kumwangalia sana akisimama. Mwacheni, anasoma.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye kucheka wacheke, wenye kunipa ushauri wa njahi isiyonenepesha waje. Lakini wewe unayejinyima kimya kimya jioni hii, hebu inua macho kwanza uone ni nani anaangalia sahani yako na anaogopa kukuuliza.