Sauti ya Binti Yangu Ndani ya Kinanda

Siku ile ukumbini tulikuwa wanne. Mume wangu, kwenye kiti chake karibu na mlango. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyenitia hina siku ya harusi yangu na ndiye aliyewapokea watoto wangu wote wawili walipozaliwa. Mwanangu wa kiume, mpiga kinanda, amekaa chini kwenye mkeka. Na mimi. Binti yangu hakuwako, alikuwa ameshazikwa Uarabuni, lakini kikao kilikuwa chake, kwa hivyo nami namhesabu. Majina ya wote ninayo, hata la mwenye duka la kanda kule Makadara na la babake, lakini sitayaandika. Walio hai wana haya zao.

Tulikaa kuzungumza juu ya wimbo. Niueleze kwanza ulivyotokea, maana bila hivyo mtatuona watu wa ajabu.

Binti yangu aliolewa akachukuliwa Maskati na mumewe. Miaka hiyo ya tisini simu ilikuwa ya dukani kwa jirani, na mimi mkono wangu wa kuandika ni mzito, skuli nilikwenda miaka miwili tu. Basi tukawa twatumiana kanda. Yeye hurikodi maneno yake, humpa mtu anayekuja Mombasa, na sisi hukusanyika baada ya alasiri, tukatia kanda kwenye redio, tukamsikiliza. Kila mara alianza vile vile: "Mama, wanisikia?" Kisha acheke, kana kwamba ameniona nikiitika. Husema habari za mumewe, za joto la huko, za samaki wao wasio na ladha. Wifi yangu humjibu papo hapo, abishane na redio, nasi tukacheka.

Zikipita siku mbili tatu, huitia kanda ile ile, nikabonyeza kitufe chekundu, nikasema yangu juu ya yake. Ndivyo tulivyolelewa Mji wa Kale. Sahani ya jirani ikija na mahamri haikai kwako, na hairudi tupu. Waitia chochote, hata ndizi mbili, yende nacho. Kanda nayo tuliichukua hivyo. Tena mimi nilikuwa na kiburi changu: sikuacha hata dakika. Maneno yakiniishia, humsomea dua, humtajia waliozaa na waliohamia Kizingo, mpaka kanda ikagota mwisho. Sahani hairudi nusu.

Mwanangu alikuwa apiga kinanda cha umeme maharusini. Alimpenda sana dadake. Akatunga wimbo mmoja wa kumtamani, kuwa nyumba imekuwa kubwa tangu aondoke, na kikombe chake bado kimeangikwa. Ngoma zake zote zilikuwa za mashine, zagonga kama moyo wa mtu aliyepanda ngazi mbio, na juu yake kinanda chalia kwa sauti nyembamba ya baridi. Kinanda kile kilikuwa chaweza kunasa sauti ya mtu, ukibonyeza kitufe kimoja ikatoka. Basi kabla sijaijibu kanda moja, akainasa: "Mama, wanisikia?" na kicheko. Akaitia katikati ya wimbo, kila baada ya ubeti. Tukampelekea dadake. Alijibu kuwa kakake ana wazimu na kuwa ameusikiliza mara tisa. Nami jibu hilo nikalirikodia juu.

Wimbo ulitoka kwenye kanda ya peke yake, ya kuuzwa madukani, upande huu na upande huu ni ule ule mmoja. Haukuwa na kishindo. Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Simu ikaja dukani kwa jirani mchana, nikaitwa, na nilipofika mumewe alikuwa alia hawezi kusema. Alikufa yeye na mtoto. Wakazikwa siku hiyo hiyo, huko huko. Sikumwona. Sikumwosha.

Tulipokuwa bado matangani watu wakajua kuwa yule anayeita ndani ya wimbo ndiye marehemu. Kanda zikaanza kununuliwa. Siku niliyotoka nyumbani mara ya kwanza nilikwenda Makadara kwa fundi, na mbele ya duka la kanda nikaisikia: "Mama, wanisikia?" Nikaitika. Wallahi niliitika kwa sauti, nakusikia mwanangu, na watu wakageuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa achagua kanda alikuwa atikisa mabega kwa zile ngoma, na aliponiona uso akaacha.

Baada ya hapo sikuwa na pa kupita. Binti yangu alitoka kwenye baraza za watu, kwenye madirisha, kwenye maduka. Pana siku aliniita kutoka nyumba tatu kwa pamoja, hakuna aliyekwenda sawa na mwenzake. Halafu harusi moja ya mtaa wa pili, wakamtia, wakamchezea.

Hapo ndipo mume wangu alipotukalisha ukumbini. Alisema kwa upole, hakuwa mtu wa ukali, kuwa maiti ana stara yake, na sauti ya mwanamke aliyekufa haichezewi harusini. Wifi yangu hakuwa na upole huo.

"Watu wamemzika dadako wakamwacha alale," alimwambia mwanangu. "Wewe kila jioni wamwamsha akatumbuize."

Mwanangu aligeuka pale mkekani. Alinitazama mimi. Akasema wimbo aliutunga dadake akiwa hai, na hajui kuutunga upya. Kisha akasema, "Mama, neno ni lako. Ukisema niitoe sauti, naitoa. Ukisema niiache, Baba atanisamehe."

Nami nilikuwa nimechoka kuitwa. Na moyoni nilikuwa najua kuwa sanduku langu la nguo lina kanda saba za Maskati. Nilijiambia, sauti yake ninayo ndani, kwa nini iwe barabarani? Nikasema, "Itoe."

Akafanya kwa moyo mmoja. Akazikusanya kanda zote ambazo hazijauzwa, akapiga wimbo upya na pale pa dadake akatia filimbi, akazirikodia zile zile. Mume wangu akalala usingizi, mara ya kwanza tangu msiba.

Arubaini ilipopita, asubuhi moja niko peke yangu, nikafungua sanduku. Nikatia kanda ya kwanza. Ilikuwa mimi. Namwambia ndiyo mwanangu, hilo la samaki nimelisikia. Nikatia ya pili. Mimi. Zote saba zilikuwa majibu yaliyokuwa yangoja msafiri, pande zote mbili mimi tu, namjibu mtu asiyesema, nacheka kwa jambo lisilosikika. Nilikuwa najua tangu zamani kuwa zarikodiwa juu. Nilijua kama unavyojua kuwa utakufa. Nilizungusha kila moja mpaka mwisho, nikitafuta japo kipande ambacho maneno yangu hayakukifika. Nilikuwa nimeijaza yote.

Nilimwendea mwanangu pasi na viatu. Nikamwuliza, ile iliyokuwa ndani ya kinanda iko? Akaniambia disketi ya kinanda ni ile ile moja, filimbi ameitia pale pale, juu ya sauti.

"Uliniambia niitoe, Mama," akasema. Hakunilaumu. Alikuwa ndiyo kwanza afahamu, nami nikaona anavyofahamu, uso ukamwisha damu.

Tulikwenda Makadara pamoja. Mwenye duka alikuwa mwema, akapekua mpaka chini ya meza. Zote zilikuwa za filimbi. Zile za mwanzo, alisema, zimekwenda na walionunua: Lamu, Malindi, Tanga, na wengine hata hajui watu wa wapi.

Baadaye mkwe wangu akatuletea nguo za marehemu, na ndani ya nguo mlikuwa na kanda, ile niliyompelekea mwisho. Nikaitia. Palikuwa na mlio wa kitufe, kisha kimya cha kadiri ya kusema Bismillahi mara tatu, kisha mimi, katikati ya salamu. Alikuwa ameanza kunijibu, akaacha. Sijui aliitwa, au uchungu ulimshika. Hicho kimya ni chake, na ninacho mpaka leo. Lakini kimya hakina sauti ya mtu.

Mume wangu amekufa, na wifi yangu amekufa. Mimi nasema sauti ya binti yangu ilikuwa nzito kidogo, kama ya babake. Wifi yangu mpaka anaingia kaburini alishikilia kuwa ilikuwa nyembamba, na mwanangu nikimwuliza hutoka nje. Sina tena cha kuamulia. Kama nyumbani kwenu pana kanda ya zamani, wimbo mmoja pande zote mbili, na katikati hapana filimbi bali mwanamke anaita, isikilizeni. Na kama nimekosea, nisahihisheni.