Koili Niliyoinunua Bungoma

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau na haisahauliki. Jana ulinipigia simu ukaniuliza ununue koili gani ya hiyo pikapu yako kuukuu, ukaongeza ati zote ni sawa, mradi iingie. Maneno hayo yamenikosesha raha, kwa sababu niliyasema mimi kabla yako. Basi nisikilize, hata kama una haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na cheti cha umakanika nilichokitembeza kijijini kwetu Matulo kote mpaka watu wakakichoka. Baba alikuwa na pikapu ya zamani. Alikuwa pia na shamba dogo karibu na Kitale, alilouziwa na rafiki yake kwa kupeana mkono tu. Rafiki alipofariki, wanawe wakasema hawajui habari ya kuuza. Wazee wa ardhi wakaitisha kikao, Alhamisi saa nne asubuhi. Mashahidi wote waliotembea mipaka ile walikuwa wameshakufa, amebaki baba peke yake. Asipofika kusema kwa kinywa chake, shamba limekwenda.

Jumanne pikapu ikakataa kuwaka. Koili, kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche za injini, ilikuwa imekufa. Kulikuwa na fundi mmoja mzee, Barasa, aliyehamia kwetu kutoka Kipsongo, mtaa wa vibarua kule Kitale, na sisi vijana tulimdharau kwa hilo tu. Akaifungua ile koili, akaniwekea mkononi.

"Simiyu, enda na hii dukani," akaniambia. "Iweke pamoja na mpya, usome maandishi. Gari yenu haina resista, kile kidude cha kupunguza umeme kabla haujafika kwa koili. Ukiona koili imeandikwa inataka resista, wachana nayo, hata kama inafanana. Itachemka ikufie njiani. Na uwaambie wakupimie na mita."

"Mzee, si mimi nimesomea hii kazi," nikamjibu.

Ile koili niliitupa kwenye majani kabla hata sijafika stendi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, sikutaka kuonekana Bungoma mjini nimebeba chuma cha grisi. Muuzaji akanitolea moja inayong'aa, umbo lile lile. Maneno ya resista yalikuwa pale ubavuni, kwa herufi ndogo. Niliyaona. Niliyaona, mwanangu, nikasema koili ni koili.

Jioni nikaifunga, pikapu ikawaka mara moja. Baba akanipiga begani, akasema kumbe shule imenifaa.

Alhamisi tukatoka mapema. Tulipopita Misikhu tu, injini ikazima. Koili ilikuwa moto huwezi kuigusa. Matatu ikaja, baba akainua mkono kuisimamisha.

"Baba, wacha iende," nikamwambia. "Dakika chache tu, itawaka."

Naye akaushusha mkono, kwa sababu aliniamini. Koili ikapoa, pikapu ikawaka kweli, ikatubeba mpaka Kamukuywa ikazima tena. Hapo tukatafuta gari lingine, yote yanapita yamejaa. Ikabidi tungoje ipoe, tukaendelea nayo, na Kiminini ikazima mara ya tatu. Tulifika Kitale saa saba, viti vimeshapangwa ukutani na karani anafagia. Wale wana wa marehemu walikuwa wamesema yao, hakuna wa kuwapinga, na kikao kikawapa shamba.

Baba akaniuliza gari lilikuwa na shida gani. Nikamwambia petroli ilikuwa chafu.

Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Kila alipoulizwa shamba lilipoteaje, alijibu, "Ilikuwa petroli. Kijana alijitahidi sana." Alinitetea hivyo kwa mama, kwa majirani, hata kwa mchungaji, na mimi nimeketi hapo hapo nakunywa chai. Nilimzika bila kumwambia. Najichukia kwa hilo mpaka leo, na uzee haujanipunguzia.

Kwa hivyo hiyo koili yako ya zamani usiitupe. Ifunge kwa gazeti uende nayo, hata ukichafuka. Angalia kwanza kama gari lako lina resista, usome kilichoandikwa, uombe ipimwe. Na usiiamini ati kwa sababu imewaka hapo nyumbani; iendeshe mpaka ipate moto vizuri kabla hujambeba mtu. Fundi akikuambia jambo la kazi yake, usiulize analala mtaa gani. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, uliyemkosea akiwa hai na nguvu za kukutukana. Matusi ya baba ningeyavumilia, bana. Wema wake ndio ulionishinda.

Mungu akutangulie barabarani, mwanangu, akupe na masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Na yeyote atakayepanda gari lako kwa sababu anakuamini, Mungu amfikishe.