Gari la Marehemu Baba na Madumu Manane ya Alizeti

Mpaka leo nikisikia harufu ya maandazi yanayokaangwa, masikio yangu yanapata moto, na kama niko na watu wa Kiomboi wanaoijua habari hii, hunitazama mimi kwanza kabla ya kutazama jiko. Nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, maana wanaoisimulia kwa niaba yangu wananiongezea mambo (mjomba wangu Yona, kwa mfano, husema gari liliwaka moto, halikuwaka, lilifuka tu).

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa nyumbani hata msimu mmoja: nimelina asali Rungwa, nimeuza mitumba Tabora, nimekuwa utingo wa malori mpaka nikasahau namba za malori yenyewe, na kila niliporudi nilikuta kitu kimepungua, mara mti, mara jirani, na mara ya mwisho baba. Kitu pekee ambacho hakikupungua ni gari lake, lile refu la kijani, lililokaa chini ya bati pembeni ya nyumba likisubiri kama mbwa mzee asiyejua kwamba mwenyewe hatarudi. Nikalirithi, na pamoja nalo nikarithi kumbukumbu moja iliyokuja kunitia aibu.

Kumbukumbu yenyewe ni hii. Wakati wa kuvuna alizeti baba alikuwa anapakia magunia nyuma mpaka usawa wa madirisha, sisi watoto tunalala juu ya magunia, mama anakaa mbele na kanga yake ya kujifunika vumbi, na gari linaondoka shambani likiyumba taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto mgongoni, unatazama mawingu dirishani, unanusa magunia, unasinzia, unakuja kushtukia umebebwa begani unaingizwa ndani. Sijawahi kulala usingizi kama ule, na nimelala sehemu nyingi. Sasa gari lile lile nilipolirithi lilikuwa linarusha watu kama karanga kwenye ungo.

Mama ndiye aliyeumia zaidi. Ana miaka sabini na kitu na mgongo wake haumtaki tena, na mara ya mwisho nilipompeleka hospitali alishuka ameshika mlango kwa mikono miwili akaniambia, "Elia mwanangu, mimi na gari hili tumeshaagana." Ningemwacha hivyo hivyo, lakini mdogo wake wa pekee, mama mdogo Rahel, anaishi Mkiwa, na walikuwa hawajaonana miaka minne, wanaongea kwenye simu tu kila Jumapili jioni mpaka chaji inaisha. Halafu ikaja sendofu ya Tumaini, kitinda mimba wa mama mdogo, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Nilikuwa nimekaa karibu simu ilipopigwa, nikamsikia mama mdogo anasema, "Dada, nimekuwekea kiti karibu na changu. Simweki mtu mwingine. Kikibaki kitupu, kibaki." Mama akajibu kwamba ataona, Mungu akipenda, akakata simu, akaanza kukunja kitambaa cha sare alichotumiwa, cha rangi ya maziwa, akakirudisha kwenye mfuko.

Nikasema, "Mama, kashone. Nipe siku tatu tu, nitalifanya hilo gari liwe kama godoro."

"Umeniahidi mambo mengi, Elia," akasema, lakini alikwenda kwa fundi cherehani.

Nikalipeleka gari kwa fundi Shabani. Akaingia chini, akakaa huko akigongagonga, akatoka na vumbi kwenye nyusi. "Kaka Elia, shokapu zote zimekufa, bushi zimeisha. Tuagize Singida, wiki moja, siku kumi." Sendofu ilikuwa Jumamosi na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikamuuliza hakuna namna? Akafikiri, akanionyesha springi za nyuma, vyuma bapa vilivyolaliana kama madaftari. "Naweza kukutolea vyuma viwili kila upande. Litalainika. Ila ujue umelipunguzia nguvu, usilibebeshe kitu. Watu tu."

Nikasema toa. Akatoa, na vile vyuma vinne nikavipeleka nyumbani nikaviegemeza ukutani. Kama ningeishia pale, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilipolijaribu barabara ya hospitali nikaona limelainika kweli, ila bado linarukaruka kidogo, halijafika kwenye ule usingizi wangu wa utotoni, na ndipo akili ikaniambia: Elia, unasahau kitu, gari la baba lilikuwa tamu likiwa na magunia! Gari tupu linaruka, gari lenye mzigo linatulia, hata utingo wa siku moja analijua hilo.

Shida ni kwamba alizeti yetu tulikuwa tumeshaiuza. Nikiwa nahangaika uani nikijisemesha, natafuta mzigo (mtu mzima, natafuta mzigo usio na kazi), Mama Neema jirani yetu, ambaye ana mashine ya kukamua alizeti, akanisikia kutoka upande wa pili wa ua. "Shemeji, mimi nina madumu manane ya mafuta, mteja wangu wa Mkiwa ananililia kila siku. Wewe unatafuta uzito, mimi natafuta gari. Mungu akupe nini tena?" Nikaona kweli, akupe nini tena. Mjomba Yona naye, ndugu yao mama na mama mdogo, mzee wa kanisa mwenye mdomo usiopumzika, akaleta magunia mawili ya vitunguu kama zawadi ya upande wetu.

Ijumaa jioni Shabani akapita, akaliona gari limekaa nyuma kama kuku anayetaka kutaga. "Kaka, nilikwambia. Ukipunguza chuma hupakii, ukipakia hupunguzi chuma. Chagua kimoja."

"Shabani, mimi nimelala juu ya mizigo ya gari hili wewe hujajua spana."

Akacheka. "Haya kaka. Ukifika kwenye matuta unikumbuke."

Jumamosi asubuhi tukamweka mama kiti cha nyuma ili anyooshe miguu, tukamtandikia blanketi na mito, sare yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Mjomba akakaa mbele na suti yake. Na niwaambieni ukweli, kipande cha kwanza kilikuwa ndoto. Barabara ya vumbi yenye mashimo yote yale, gari linayumba taratibu, linabembeleza, na nilipotazama kwenye kioo nikamwona mama amefumba macho. Mjomba akasema, "Mjomba, leo umefanya kitu. Baba yako angekuwepo angekupa mkono." Nikafikiri, jamani, kumbe vitu vya zamani vinarudi, ni kuvijulia tu. Na kwa furaha ile (hapa ndipo ninapojilaumu) tulipopanda lami nikakanyaga mafuta, na tulipoupita mji wa Singida nikakanyaga zaidi, maana tulikuwa tumechelewa kwa ajili ya kupanga upya vitunguu.

Matuta ya njia ile mnayajua. Kila kijiji kina lake na mengine hayana hata alama. La kwanza lililotukuta na kasi ile sikuliona mpaka lilipokuwa chini ya bodi. Gari lilipanda, likatua, likaendelea kutua, chuma kikagonga chuma kwa mlio kama sufuria ya msibani imeanguka, nikasikia madumu yanaruka na kupigana nyuma, na mama akasema neno moja tu, "Yesu!"

"Mama, vipi?"

"Endesha tu, mwanangu. Rahel anangoja."

Nikapunguza kidogo, siyo sana. Matuta mawili yaliyofuata yakagonga vilevile, nikamkumbuka Shabani mara mbili. Baadaye kidogo mjomba akainua pua. "Hapa kijijini wanakaanga maandazi." Nikasema kweli, yananukia. Tukapita kijiji, tukaingia porini, mjomba akanusa tena. "Hata huku?" Kijiji cha pili akasema, "Barabara yote hii leo ni maandazi? Watu wa huku wana raha."

Mama naye akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyetulia, "Elia, mgongo unapata joto zuri. Naona kama kuna mtu ananipaka mafuta."

Nikafurahi! Nawaambia nilifurahi, nikasema moyoni hata kama tumegonga kidogo, lengo limetimia. Sikujua kwamba dumu moja lilikuwa limelala nyuma ya kiti chake kifuniko kimetoka, linamwaga taratibu kwenye blanketi, na kwamba mengine mawili yamepasuka na mafuta yanapita kwenye matundu ya kutu ya sakafu, yanadondokea juu ya bomba la moshi lililokuwa limepata moto kama kikaango.

Tukaingia Mkiwa sherehe imeshaanza. Turubai liko uwanjani, muziki unapiga, na MC alipoliona gari la kijani akafanya kama alivyoambiwa afanye, akasimamisha muziki akatangaza kwa spika zote, "Mabibi na mabwana, upande wa mama mzazi, kutoka Kiomboi, wanaingiaaa!" Akina mama wakainuka na vigelegele. Nikalileta gari mpaka mdomoni mwa turubai, kwa madaha, nikasimama, na kwa kuwa nimesimama, ule moshi uliokuwa unabaki nyuma yetu barabarani ukatufikia wote kwa pamoja, mweupe, mzito, unanukia sherehe.

Vigelegele vikakatika. MC akakohoa kwenye kipaza sauti, akasema, "Na wamekuja na jiko lao."

Watu walicheka, halafu mtu akapiga kelele "Moto!" na vijana wakaja mbio na mchanga kwa masinia, wakamwaga chini ya gari na juu ya viatu vya mjomba. Mmoja akafungua mlango wa nyuma akidhani anaokoa mizigo, vitunguu magunia mawili vikashuka kwa pamoja, vimepakwa mafuta, vikaviringika mpaka mbele ya meza ya bibi harusi mtarajiwa, na msichana mmoja wa sare akakanyaga kimoja akakalia keki. Siyo ile keki kubwa. Ile ndogo, ya wazazi.

Lakini hayo yote nilikuwa nayasikia kwa mbali, maana nilikuwa nimefungua mlango wa mama. Alikuwa anajaribu kushuka na mgongo umegoma kunyooka, lile tuta la kwanza lilikuwa limemaliza kazi, na ile sare ya rangi ya maziwa kwa nyuma ilikuwa imegeuka kama karatasi ya kufungia chipsi, unaona mpaka rangi ya gauni la ndani. Akashika mkono wangu, akasema polepole ili watu wasisikie, "Elia, usiniache watu wanione hivi."

Sikujua la kufanya. Miaka arobaini na kitu, nimezunguka nchi nzima, na sikujua la kufanya. Nilisimama tu nyuma yake kama pazia.

Ndipo mama mdogo Rahel akatoka kwenye turubai. Hakunitazama mimi, hakutazama moshi wala vitunguu. Alifungua kitenge alichokuwa amejifunga juu ya sare yake, akamzungushia dada yake kiunoni, akakaza fundo, akamkumbatia, na mafuta yakamwenea na yeye kifuani. "Dada, umekuja."

"Nimekuja nimekaangwa," mama akasema.

Wakacheka mpaka wakalia, au walilia mpaka wakacheka. Vijana wanne wakaleta kiti cha plastiki, wakamkalisha mama, wakambeba juu juu mpaka kwenye nafasi yake, na wageni waliodhani ndivyo tulivyopanga wakarudisha vigelegele. Kile kiti kitupu kikaondolewa. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na majenereta, na kila aliyepita na sahani alinusa akatabasamu.

Kurudi tulirudi Jumatatu, gari tupu, vile vyuma vinne vya springi viko Kiomboi vimeegemea ukuta. Kwa hiyo sikuwa na ujanja: kila tuta nililiendea kama naenda kumwamkia mkwe. Malori yakatupita, mabasi yakatupita, baiskeli moja yenye kuku ikatupita na mwenye baiskeli akatusalimia. Safari hii mama alikaa mbele, mjomba nyuma na suti yake kwenye mfuko wa rambo.

Baada ya kama saa nzima mama akasema, "Sasa ndilo gari la baba yako."

"Halina mzigo, mama," nikasema. "La baba lilikuwa linatulia kwa sababu ya magunia."

"Magunia?" Akanigeukia kwa taabu, mwili mzima. "Nani alikwambia magunia? Baba yako alikuwa haendi mbio. Akifika kwenye shimo anasimama kabisa, ananiuliza, 'Mama Elia, tupite?' Nisipojibu hapiti. Ninyi mlikuwa mmelala huko juu, mngesikia nini?"

Nikashika usukani kwa mikono miwili mpaka Singida.

Vyuma Shabani alivirudisha, shokapu na bushi nikaagiza kama alivyosema tangu mwanzo, na Mama Neema nilimlipa mafuta yake (aliniuliza swali moja tu: "Uzito uliupata, shemeji?"). Harufu haijatoka, injini ikipata moto bado tunatembea na maandazi. Nimeapa sitamfundisha tena fundi kazi yake kwa kumbukumbu za mtoto aliyekuwa amelala. Na mwezi jana mama aliniomba nimpeleke tena Mkiwa, mwenyewe, bila kubembelezwa. Tulipofika kwenye lile tuta la kwanza nikasimama kabisa, katikati ya barabara, lori nyuma yetu linapiga honi.

"Mama, tupite?"

Akajifunika kanga yake vizuri, akatazama mbele, akalichelewesha jibu makusudi.

"Pita, mwanangu."

Nikapita.