Baba Alipopewa Kipaza Sauti

Mama alipofariki, Baba alihama Jinja akaja kukaa nami Mbale, kwenye chumba changu cha kupanga pale Namakwekwe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuja na sanduku la bati na vita vyake vya Burma, alikopigana ujanani katika jeshi la Mwingereza. Wiki za kwanza alisimulia. Majirani wakacheka, wakasema mzee anatia chumvi, Mwafrika Burma alifuata nini? Basi akanyamaza kabisa. Kimya kile kilinitisha. Niliona baba yangu atakufa akiitwa mwongo.

Jumamosi moja mchana kibanda cha video kikatangaza filamu ya vita vya Burma, kanda iliyorekodiwa kutoka kwenye televisheni. Nikamwambia Baba avae viatu. Hakutaka, lakini mimi nikishaamua sina simile.

Loo, filamu yenyewe! Mishale myekundu juu ya ramani, majenerali wanavuta kiko, na Mwingereza anaeleza kama anasoma ibada. Kama ilivyo desturi ya vibanda vyetu, mfasiri alikaa mbele na kipaza sauti, akitafsiri na kuongeza pilipili yake. "Mwafrika haonekani hapa!" akapayuka. "Labda alikuwa jikoni, anachemsha chai!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko, watu wakamgeukia Baba. Damu ikanichemka. Nikasimama nimpe mfasiri yule ukweli wake, lakini Baba akanishika mkono.

"Rudisha nyuma," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshi. "Kidogo tu. Simamisha hapo."

Kanda ikarudi. Pembeni mwa picha, nyuma ya jenerali mmoja, wanaume weusi walikuwa wanapita na masanduku ya risasi kichwani, tope hadi magotini. Ukipepesa macho huwaoni.

"Hao ni sisi," akasema Baba. "Yule wa pili alikuwa rafiki yangu. Tulimzika kesho yake, mvua inanyesha." Akataja jina lake, la baba yake na la kijiji chao. Hakuna aliyecheka.

Mfasiri akavua kofia, akapita katikati ya mabenchi, akampa kipaza sauti kwa mikono miwili. "Afande, samahani. Fasiri wewe."

Baba akafasiri. Mwingereza aliposema kikosi kilisonga mbele, Baba akasema, "Kusonga mbele maana yake tulikata mianzi kwa panga siku nne, na tumbo la kuhara linatuendesha." Watu wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anasimulia Burma, na vijana wanne wakamfuata hadi mlangoni, wakakaa kumsikiliza. Nikapakua ndizi na maharage, nikaweka mbele yake.

"Baba, chakula kinapoa."

"Subiri, mwanangu," akasema. "Hata mto hatujavuka."