Tanga la Viraka

Mimi sipendi kupewa pole. Kiwanda cha nguo cha Nyakato kilipotupunguza kazi, nusu ya mtaa walikuja na pole zao kana kwamba nimefiwa. Nikawaambia wakampe pole meneja, yeye ndiye aliyebaki na mashine zisizo na watu. Mimi nilikuwa mkaguzi wa vitambaa. Kwa miaka sita jora likipita mbele ya taa yangu, uzi uliokatika nauona hata kama nimeuchapa usingizi wa kusimama. Kazi ile ilinipa jeuri, na jeuri haikupunguzwa.

Mwezi haujaisha, nikasikia kuna bwana amefungua nyumba ya wageni kando ya ziwa. Miaka ile kila mwenye kiwanja alikuwa anafungua kitu. Huyu alitaka mtu wa kuwafundisha wageni ule mchezo wa Wazungu wa kusimama juu ya ubao wenye tanga na kupelekwa na upepo. Nikamwendea. Akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Binti, kuogelea unajua?"

"Nimezaliwa ng'ambo, Sengerema, ufukweni kabisa. Baba yangu ana mitumbwi ya tanga. Nimejua kuogelea kabla ya kusoma."

"Basi uje na vifaa vyako. Jumamosi ya tatu kuanzia leo, saa tisa alasiri, uzunguke lile jiwe urudi umesimama. Ukianguka, tusisumbuane."

Jiwe lenyewe lilikuwa mbali kidogo na ufukwe, limepauka kwa kinyesi cha ndege. Nikasema sawa. Kazi ile niliitaka, tena niliitaka sana. Wenzangu tuliopunguzwa nao walikuwa wanakaanga maandazi yale yale mtaa mzima, wanaangaliana wao kwa wao, na mimi niliapa sitakuwa muuza maandazi wa kumi na moja.

Vifaa nilivipata kwa mtaalamu mmoja wa visima, Mzungu aliyemaliza mkataba wake akawa anauza vitu uani. Watu waligombea friji na magodoro. Kwenye kona kulikuwa na ubao mmoja mpana, mlingoti, na matanga mawili, dogo na kubwa. Uwezo wangu ulikuwa wa ubao, mlingoti na tanga moja tu. Yule bwana akaanza kunishauri kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Wewe mwepesi, wewe mwanzo tu..." nikamkatiza. Nani wa kunifundisha mimi kuchagua kitambaa?

Lile dogo lilikuwa limefifia rangi, lina viraka viwili, kimoja kimeshonwa kwa mkono, tena upogo. Kiwandani ningelitupa kwenye rundo la daraja la pili bila kugeuka. Lile kubwa, loo! Jeupe, halina doa. Nikaliinua kwenye jua, nikalivuta pande zote, nikapitisha kidole kwenye mshono kuanzia juu hadi chini. Halikuwa na kosa hata moja. Nikalichukua, nikaondoka nimejaa kama pishi ya mchele.

Sikutaka kujifunzia mjini watu wakanicheka, kwa hiyo nilivuka na mzigo wangu kwa kivuko hadi Busisi, nikaenda nyumbani kwa wazazi. Huko nilicheka na kulia. Tanga likiwa limelala majini, unasimama juu ya ubao na kulivuta kwa kamba. Lile langu likishajaa maji haliinuki kirahisi. Nikilivuta hadi mgongo unalia, linainuka ghafla, upepo unalidaka, linanitupa upande wa pili. Siku nane nilianguka. Viganja vyangu vilichubuka hata kusonga ugali ikawa shida.

Mama yangu ndiye fundi wa kushona matanga ya baba, yale ya magunia. Siku ya nane aliweka sindano chini.

"Hilo kakuchagulia nani?"

"Mwenyewe. Ni daraja la kwanza, mama. Tazama mshono."

"Mshono nimeuona. Hapakuwa na jingine?"

"Lilikuwepo dogo, lakini lina viraka."

"Vingapi?"

"Viwili."

Akacheka hadi akajifuta machozi. "Kwa hiyo lile limepasuka mara mbili, na mara zote mbili mwenyewe kalirudisha nyumbani. Hili lako hakuna aliyeliweza hata likachakaa!"

Nilikasirika, nikalala bila kula. Hasira yenyewe ilikuwa kwamba mama amesema kweli. Alfajiri nikafunga tanga langu zuri, nikarudi kivukoni, nikavuka hadi uani kwa yule Mzungu. Yule bwana wa visima alikuwa amefunikia masanduku yake lile la viraka, tayari kwa safari. Nikamwomba tubadilishane. Akakubali, ila alipogeuka nikaona mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Jumamosi nilifika kabla ya saa tisa. Mwenye nyumba ya wageni alisimama ufukweni, mikono nyuma. Mke wake alikuwa barazani anachagua mchele. Tanga dogo liliinuka kwa mvuto mmoja, nikaenda nimesimama wima, najiona malkia. Nilipomaliza kulizunguka jiwe, upepo ukanijia usoni, nikaanguka chubwi. Nikapanda tena ubaoni, nikalivuta tanga, likaja, nikarudi hadi ufukweni bila kuyumba.

"Umeanguka," akasema yule bwana. "Tulikubaliana."

"Nimeanguka, na nimerudi. Wageni wako wataanguka kutwa nzima. Nani atawaonyesha kuinuka, wewe?"

"Makubaliano ni makubaliano, binti."

Nikaanza kufungua kamba za tanga ili niondoke kabla hajaniona nikilia. Ndipo mke wake akaweka ungo chini, akateremka, akakaza kanga kiunoni.

"Mume wangu, mwaka mzima unanibembeleza niingie kwenye haya maji, nami nakataa. Naogopa kuanguka, ndiyo maana. Leo nimemwona mwanamke mwenzangu kaanguka kule mbali, hakuna wa kumsaidia, na huyu hapa." Akaingia ziwani hadi magotini, akaninyooshea mkono. "Usifungue hizo kamba. Nishike, mwalimu."